Ufukwe wa Sungura: kasa, mkaa na watu 368

Juzi nilikuwa napunguza picha kwenye kompyuta yangu nikakutana na moja ambayo kila anayeiona huniuliza swali lile lile: "Hapo ni Nungwi?" Maji ya kijani yanayoishia kwenye buluu, mchanga mweupe kama unga wa sembe, na kisiwa kidogo cha mawe kimekaa mbele yake. Hapana jamani, si Nungwi. Ni Italia.

Au tuseme ni Italia kwenye makaratasi. Mahali penyewe panaitwa Lampedusa, kisiwa cha kilomita za mraba 20 hivi katikati ya Mediterania. Kutoka Sicilia ni zaidi ya kilomita 200. Kutoka pwani ya Tunisia ni kama 113 tu. Chukua ramani uangalie mwenyewe: Tunis na Algiers, miji mikuu ya nchi za Afrika, iko kaskazini zaidi kuliko Lampedusa! Wanajiolojia nao wanasema kisiwa hiki kimekalia sakafu ya bara la Afrika inayoendelea chini ya bahari. Kwa hiyo siku nilipotua pale, pasipoti yangu ikiwa na mhuri wa Ulaya, kwa hesabu za miamba nilikuwa nimerudi nyumbani.

Nilikuwa nimekwenda Palermo kwa mafunzo mafupi ya uandishi wa habari. (Visa nilinyimwa mara ya kwanza, mara ya pili nikapewa kwa karatasi zile zile. Tuyaache hayo.) Siku tatu za mwisho nikapanda ndege ndogo kwenda kuuona ufukwe mmoja tu, Spiaggia dei Conigli, yaani Ufukwe wa Sungura. Sababu ni hii. Mwanzoni mwa mwaka 2013 wasafiri wanaoandika maoni yao kwenye tovuti ya TripAdvisor waliuweka ufukwe huu namba moja duniani. Tarehe 3 Oktoba mwaka huo huo, chini ya maili moja kutoka mchanga ule, walikufa maji watu 368. Katika kazi yangu nimeandika habari nyingi za utalii na chache za wahamiaji, na kila mara mhariri anataka zikae kurasa tofauti. Hapa hakuna mhariri.

Tuanze na hilo jina. Sungura watoke wapi baharini? Ofisa wa jeshi la majini la Uingereza, William Henry Smyth, aliyepima bahari za huko mwanzoni mwa karne ya 19, alikiandika kile kisiwa kidogo kwenye ramani yake kwa Kiingereza kuwa ni Kisiwa cha Sungura. Lakini wapo wanaosema jina linatokana na neno la Kiarabu lenye maana ya kuunganisha, kwa kuwa maji kati ya kisiwa na ufukwe ni mafupi mno, na kuna nyakati mchanga hujitokeza ukawa kama daraja. Mimi niliyekalia mkeka wa madrasa utotoni naipenda hii ya pili, ingawa ile ya kwanza ndiyo yenye ramani mkononi.

Kisiwa chenyewe hakifiki hekta tano, na watalii hawaruhusiwi kukikanyaga. Ni cha shakwe, ambao hutaga pale kwa makundi na kupiga kelele mchana kutwa. Na ni cha mjusi mmoja. Usicheke! Mjusi huyu, Psammodromus algirus kwa jina la kitaalamu, yuko tele Tunisia, Algeria na Morocco, lakini katika Italia nzima anaishi kwenye kile kijiwe tu. Kwenye mawe ya Lampedusa kuna pia mmea mnene usio na majani, Caralluma, wa ukoo ambao ndugu zake wengi wako Afrika na Uarabuni. Ndani ya Italia huukuti popote isipokuwa hapo na kwenye kisiwa jirani cha Linosa. Kila nilichosoma juu ya viumbe wa mahali hapa kilikuwa na maneno hayo hayo: kwa Ulaya ni nadra, kwa Afrika ni wa kawaida.

Ukishuka kwenda ufukweni unatembea kwa mguu robo saa hivi kwenye njia ya mawe, jua likikupiga utosini. Hakuna kivuli. Nilidhani ndivyo kisiwa kilivyoumbwa, mawe ya chokaa na vichaka vinavyofika magotini. Sivyo. Hapa ndipo historia inapoanza kuuma.

Kwa karne nyingi Lampedusa haikuwa na wakazi wa kudumu wa maana, ila ilikuwa na miti: mizeituni mwitu, mikarobu, vichaka vizito. Meli za Wakristo na za Waislamu, zilizokuwa zikiwindana bahari nzima, zote zilitia nanga pale kuchota maji na kukata kuni. Na palikuwa na pango. Wasafiri wa karne ya 16 na ya 17 waliandika habari zake kwa mshangao: upande mmoja picha ya Bikira Maria, upande mwingine kaburi la walii wa Kiislamu. Mabaharia wa dini zote mbili waliacha humo mafuta ya taa, mikate mikavu, nguo, hata fedha, kwa ajili ya yeyote atakayetupwa na bahari au mtumwa atakayetoroka merikebuni. Unachukua unachohitaji, basi. Iliaminika kwamba ukichukua cha ziada bila kuacha kitu, meli yako haitoki bandarini. Zipo pia hadithi za mtawa aliyekaa pale akiangalia baharini: akiona bendera yenye msalaba anawasha taa ya Maria, akiona yenye mwezi anawasha ya walii. Waitaliano wengine walimgeuza kuwa mfano wa mtu mnafiki. Mimi nilimwona mtu mwenye akili timamu aliyekaa peke yake kwenye njia ya maharamia!

Pango hilo leo ni kanisa la Madonna di Porto Salvo, na bustani yake ni mojawapo ya sehemu chache za kisiwa ambako nilikaa chini ya mti.

Miti mingine ilikwenda wapi? Kisiwa kilikuwa mali ya ukoo wa Tomasi, waliopewa cheo cha wakuu wa Lampedusa mwaka 1667. (Ndiyo, ukoo wa Giuseppe Tomasi di Lampedusa, mwandishi wa riwaya ya Il Gattopardo iliyotoka 1958.) Baadaye mfalme Ferdinando II wa Napoli akakinunua, na Septemba 1843 akampeleka ofisa wake, Bernardo Sanvisente, pamoja na walowezi 120 wakaanzishe makazi. Walipewa ardhi wailime. Wakafyeka. Kilichofyekwa kikachomwa mkaa, na mkaa ukauzwa. Katika miongo michache msitu uliokuwa umesimama karne na karne ukawa umekwisha. Mvua za huko ni chache lakini zikija zinakuja kwa nguvu, na udongo usio na mizizi haukuwa na cha kuushika. Ukateremka mabondeni hadi baharini, yakabaki mawe. Bonde linaloshukia Ufukwe wa Sungura ni mojawapo ya mabonde hayo.

Mimi nimezaliwa Tanga na nimeona magunia ya mkaa yakipangwa barabarani toka niko mdogo, kwa hiyo siwezi kuwacheka wale walowezi. Walipelekwa kwenye jiwe wakaambiwa waishi. Lakini nilisimama pale juu nikajaribu kuurudisha msitu kwa macho, nikashindwa.

Yaliyofuata nitayapitia haraka. Serikali ya Italia ikakifanya kisiwa kuwa mahali pa kupelekea wafungwa mwaka 1872. Wavuvi wakapata sponji za baharini mwishoni mwa karne ile, ikawa neema kwa muda. Juni 1943, katika Vita Kuu ya Pili, kisiwa kilipigwa mabomu mfululizo, na rubani wa Kiingereza, sajenti Sydney Cohen, alipotua kwa dharura akajikuta Waitaliano wanataka kujisalimisha kwake. Akaondoka na utani wa kuitwa mfalme wa Lampedusa! Aprili 1986, baada ya Marekani kushambulia Tripoli na Benghazi, Libya ilirusha makombora mawili kuelekea kituo cha Wamarekani kilichokuwa kisiwani. Yaliangukia baharini. Lakini Waitaliano waliokuwa hawajui Lampedusa iko wapi wakaitafuta kwenye ramani, na majira ya joto yaliyofuata wengine wakaja kuiona. Hivi ndivyo kombora lilivyogeuka tangazo la utalii.

Utalii ukaukuta ufukwe. Nyumba iliyo pale juu ya mchanga ilikuwa ya Domenico Modugno, yule mwanamuziki wa "Volare" ya mwaka 1958 (kizazi chetu tuliijulia kwa Gipsy Kings), na Lampedusa ndiko alikofia tarehe 6 Agosti 1994. Watu wengine wote waliteremka na magari na pikipiki hadi karibu na maji, wakapanga miavuli wapendavyo. Gari zikazidi kukata mteremko ambao tayari ulikuwa umevuliwa nguo, na kila mvua ikateremsha mawe na udongo juu ya mchanga.

Na mchanga huo ulikuwa na mwenyewe. Usiku, kuanzia Juni hadi Agosti, kasa wa aina ya Caretta caretta hupanda pale kutaga. Sisi wa pwani kasa tunamjua. Bibi yangu alikuwa na adabu zake juu ya mnyama huyu: ukimkuta anataga unarudi nyuma, hummuliki, humsemeshi. Ni jambo hilo hilo wataalamu wanalisema kwa maneno marefu zaidi. Jike anaweza kugeuka na kurudi majini bila kutaga akiona mwanga au watu. Akitulia, anachimba shimo la nusu mita hivi, anaacha mayai kama 100, anafukia, anaondoka. Kama miezi miwili baadaye vitoto vinatoka, kwa kawaida usiku, na kufuata upande wenye mwanga zaidi. Kwa mamilioni ya miaka upande huo ulikuwa bahari. Siku hizi unaweza kuwa mgahawa.

Kuna jambo jingine nililisoma likaninyima usingizi kidogo. Jinsia ya kasa haiamuliwi na mbegu bali na joto la mchanga. Likizidi nyuzi 29 hivi wanaozaliwa wengi ni majike, likiwa chini wengi ni madume. Kwa hiyo mchanga si kitanda tu, ni kama tumbo la pili, na joto la dunia linapopanda linaingia humo humo.

Mwaka 1995 eneo lile likatangazwa hifadhi, na chama cha mazingira cha Legambiente kikapewa kuisimamia. Mwaka 2002 bahari inayozunguka visiwa vile nayo ikalindwa. Magari yakazuiwa. Njia iliyokuwa ikimomonyoa mteremko ikafungwa, mimea ya asili ikaanza kurudishwa. Miavuli ikawekewa mipaka, maana fimbo yake inaweza kutoboa kiota. Kiota kikionekana kinazungushiwa uzio, na usiku wa majira ya joto ufukwe unafungwa kabisa. Siku hizi kiangazi huingii bila kuweka nafasi mapema. Niliweka yangu kwenye simu nikiwa Palermo, kama tiketi ya basi.

Kasa hukua taratibu sana, anaweza kumaliza miaka 20 hadi 30 kabla ya kutaga mara ya kwanza, na hurudi kutaga kwenye pwani za upande alikozaliwa. Piga hesabu. Vitoto vilivyotoka salama katika misimu ya kwanza ya hifadhi, majike yake ndiyo kwanza yanafika umri wa kurudi sasa.

Sasa tuje kwenye Oktoba 2013.

Chombo kilikuwa cha uvuvi, urefu wa mita 20 hivi, kilichotoka Misrata, Libya, na watu zaidi ya 500. Karibu wote walikuwa Waeritrea, wengi wao vijana waliokimbia utumishi wa jeshi usio na mwisho. Walikuwa wameshapita Sudan na jangwa la Sahara na mikononi mwa walanguzi wa Libya. Kabla ya alfajiri injini ikazimika. Walikuwa wanaziona taa za kisiwa. Manusura walisema vyombo vingine vilipita karibu bila kusimama. Ili waonekane, blanketi likawashwa moto. Mafuta yaliyokuwa yametapakaa yakashika, watu wakakimbilia upande mmoja, chombo kikapinduka. Waliookolewa wakiwa hai ni 155. Wapiga mbizi walifanya kazi kwa siku nyingi kwenye kina cha mita 47 hivi kuwatoa waliobaki ndani.

Karibu na hapo boti ya marafiki wachache wa Lampedusa ilikuwa imelala nangani baada ya usiku wa mapumziko. Mmoja wao alisikia kelele alfajiri, wakadhani ni shakwe. Nimeshawaambia shakwe wa pale wanavyopiga kelele. Walipotoka wakakuta bahari imejaa watu, miili inateleza kwa mafuta kiasi kwamba unamshika mtu mkono unachomoka. Waliwavuta 47 kwenye boti isiyokuwa na nafasi hata ya robo yao.

Papa Fransisko alikuwa amefika kisiwani miezi mitatu kabla, tarehe 8 Julai, safari yake ya kwanza nje ya Roma, akatupa shada la maua baharini. Baada ya ajali, waziri mkuu Enrico Letta aliahidi mazishi ya kitaifa. Ikafanyika hafla Agrigento, Sicilia, manusura wakiwa wamebaki kisiwani, na majeneza yakagawanywa kwenye makaburi ya miji mbalimbali. Manusura wenyewe walifunguliwa uchunguzi kwa kosa la kuingia nchini bila kibali. Oktoba hiyo hiyo Italia ikaanzisha operesheni ya uokoaji, Mare Nostrum, ambayo ilitoa watu wengi baharini na ikafungwa baada ya mwaka mmoja. Mwaka 2016 sheria ikaitangaza tarehe 3 Oktoba kuwa siku ya kitaifa ya kuwakumbuka.

Kabla hatujawanyooshea Wazungu kidole, nikumbushe kwamba Juni 2012 miili ya Waethiopia zaidi ya 40 ilitupwa porini mkoani Dodoma. Walikuwa wamekosa hewa ndani ya lori, wakisafirishwa kwenda kusini. Siku ya kitaifa ya kuwakumbuka hao sijaisikia kwetu.

Nilipokuwa pale ufukweni sikuona kibao kinachoitaja ajali ile. Kipo cha kasa, kizuri, chenye michoro na maelezo ya lugha kadhaa. Nilimuuliza kijana mmoja wa hifadhi, akafikiri kidogo, akaniambia kwamba watu wa kisiwa wanajua, na watalii wanakuja kuogelea. Halafu akanionyesha kwa kidole upande wa kulia wa kisiwa kidogo, maji ya buluu iliyokolea baada ya ile ya kijani. "Kule." Nilimshukuru. Sijui kama ningeandika kibao hicho ningekiwekaje. Lakini mjusi wa Tunisia ana maelezo yake pale, kasa ana maelezo yake, mmea wa ukoo wa Afrika una maelezo yake, na wote hao sifa yao ni kwamba walivuka na kufika.

Niliogelea, ndiyo. Nilisitasita kidogo, nikaingia. Maji yale hayajui kupwa na kujaa kama ya kwetu. Kwa mtoto wa Tanga ni ajabu kukaa saa tano ufukweni na bahari iko pale pale ulipoiacha. Mama mmoja wa Kiitaliano akaniuliza natoka wapi, nikamwambia Tanzania, akauliza nilifikaje. Nikamwambia kwa ndege. Akaona haya, akanipa kipande cha tikiti.

Jioni walinzi walipita wakituambia muda umekwisha. Watu wakakung'uta mchanga, wakabeba taka zao, wakaanza kupanda ile njia ya mawe bila ubishi. Nilikuwa wa mwisho mwisho. Pale juu nikageuka. Kulikuwa na uzio mdogo wa mbao kuzunguka kiota kimoja, tarehe imeandikwa kwa kalamu, na mchanga wote uliobaki ulikuwa mtupu, hakuna hata taa moja. Upande wa baharini meli ya walinzi wa pwani ilikuwa inapita taratibu na taa zake zimewashwa, ikielekea kusini.